Kihisi Kikubwa Kina Kazi Gani Katavi?

Kati ya mwaka 2015 na 2016 watafiti walirusha droni mbili za mabawa juu ya bonde la Issa, magharibi mwa Tanzania, kutafuta viota vya sokwe. Bonde hilo limo katika ukanda mpana wa misitu inayozunguka milima ya Mahale, ukanda ambao Wilaya ya Uvinza mkoani Kigoma na Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi zinagawana. Robo tatu ya sokwe wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, katika miombo ya namna hiyo, na kuwahesabu kwa miguu ni kazi ya kuchosha na ya gharama. Maeneo 22 yalikaguliwa kwa njia mbili: mtu chini akitazama juu, droni juu ikitazama chini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika kila viota kumi alivyoviona mtu aliyesimama ardhini, droni ilipata kimoja tu kwa wastani. Watafiti wakapima sababu zinazoweza kukificha kiota: msimu, aina ya uoto, urefu wa kilipojengwa, rangi yake. Iliyobainika kuwa na uzito ni moja tu, nayo ni ukali wa picha, yaani kila nukta ya picha inafunika sentimita ngapi za msitu.

Kwa hiyo mjadala ambao wapiga picha wa matangazo wamekuwa wakiuendesha kwa zaidi ya miaka ishirini, kuhusu kihisi kikubwa cha fomati ya kati na kile cha fremu kamili, una sababu nzuri ya kufika mjini Mpanda, Katavi. Unagusa namna tunavyowahesabu tembo na viboko wetu, namna tunavyopima misitu ya vijiji, na kwa kiasi fulani riziki ya kijana mwenye studio karibu na stendi. Majibu yake hayafanani kwa wote hawa, na hapo ndipo penye utamu wa swali.

Tuanze na vipimo. Fremu kamili ni kihisi cha milimita 36 kwa 24, ukubwa uliorithiwa kutoka Leica ya mwaka 1925, kamera ndogo iliyotumia mkanda wa filamu za sinema. Fomati ya kati inatoka kwenye mkanda mpana zaidi, ule wa namba 120 ambao Kodak iliutoa mwaka 1901. Mafundi wa studio waliotumia Yashica zenye macho mawili wanaujua mraba wake wa sentimita sita. Hasselblad ya Sweden ilitengeneza kamera ambayo sehemu ya nyuma, yenye filamu, inachomoka na kubadilishwa. Filamu ilipoanza kuondoka miaka ya 1990, kampuni kama Leaf ya Israeli na Phase One ya Denmaki zikatengeneza kipande kingine cha kupachika palepale, chenye kihisi na kompyuta ndogo ndani yake. Hicho ndicho mgongo wa kidijitali: kamera na lenzi zinabaki, kinachobadilishwa ni mahali mwanga unapoangukia.

Leo fomati ya kati ina saizi mbili kubwa. Moja ni takriban milimita 44 kwa 33, inayopatikana kwenye kamera za Fujifilm GFX na Hasselblad, na eneo lake ni mara 1.67 ya fremu kamili. Nyingine ni takriban 54 kwa 40, ya migongo mikubwa ya Phase One, karibu mara mbili na nusu.

Kwa muda mrefu tofauti kati ya pande hizi mbili ilikuwa kama ya mataifa mawili. Migongo ilitumia vihisi vya CCD vilivyotoa rangi nzuri sana kwenye ISO 50 au 100, lakini ukipandisha kupita 400 picha inajaa chenga. Fremu kamili, kuanzia Canon EOS-1Ds ya mwaka 2002 yenye megapikseli 11, ilikuwa na nukta chache ila ilifanya kazi hata gizani. Mwaka 2014 Phase One ilitoa mgongo wa kwanza wa fomati ya kati wenye kihisi cha CMOS, kilichotengenezwa na Sony, na ukuta ule ukaanza kubomoka.

Kilichofuata ndicho kinachoamua hoja yote ya makala hii. Sony A7R IV ya mwaka 2019, fremu kamili, ina megapikseli 61. Fujifilm GFX 100 ya mwaka huohuo ina 102. Phase One IQ4 iliyotangazwa mwaka 2018 ina 151. Gawanya upana wa kila kihisi kwa idadi ya nukta zake na utapata jibu moja kwa zote tatu: kila pikseli ina upana wa mikromita 3.76. Pikseli ni zilezile, za kizazi kilekile, kutoka kwa mtengenezaji yuleyule. Anayenunua kihisi kikubwa hanunui pikseli bora zaidi. Ananunua pikseli nyingi zaidi za aina ileile zilizotandazwa juu ya eneo kubwa zaidi.

Ukilishika hilo, hadithi nyingi zinazosimuliwa kuhusu fomati ya kati zinapungua uzito. Kuhusu mwanga, eneo la mara 1.67 linakupa nafuu ya robo tatu ya stopu, na lile la karibu mara mbili na nusu nafuu ya stopu moja na theluthi, na hiyo ni pale lenzi zinapokuwa na tundu la namba ileile. Kuhusu ule mwonekano unaosifiwa, uso ukiwa mkali na nyuma kumeyeyuka, fremu kamili mara nyingi inashinda, kwa sababu lenzi za f/1.4 na f/1.2 zimejaa upande wake. Lenzi ya Fujifilm ya milimita 80 yenye f/1.7, ambayo upande wa fomati ya kati ni miongoni mwa zenye tundu kubwa kabisa, inatoa picha inayolingana na ya lenzi ya milimita 63 yenye f/1.35 kwenye fremu kamili. Anayetumia lakini zake zote kwa ajili ya kuyeyusha nyuma ya picha angepata kitu hichohicho kwa bei ndogo zaidi. Ninaamini sehemu kubwa ya sifa hizo ilitokana na wapigaji wenyewe: waliobeba kamera nzito na ya polepole walisimama, wakapanga taa, wakasubiri.

Kinachobaki ni eneo. Kihisi kikubwa kinachukua sehemu pana zaidi ya dunia kwa ukali uleule, kwa mpigo mmoja. Tukitaka kujua thamani yake Katavi, inabidi tuulize ni kazi gani inahitaji upana huo kwa mpigo mmoja.

Jibu la kwanza liko angani. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, ina kilomita za mraba 4,471, na wanyama wake hawakai ndani ya mipaka hiyo tu. Wanatembea hadi Rukwa na mapori ya jirani. Hesabu ya wanyama wa eneo la namna hii inafanywa kwa ndege ndogo inayopita kwenye mistari iliyopangwa, kwa kimo cha futi 350 hivi, waangalizi wakiwa viti vya nyuma wakihesabu kilicho ndani ya ukanda uliowekewa alama kwenye bawa. Uzito wa hesabu hizo Watanzania tunaujua. Sensa zilipoonyesha kuwa tembo wa nchi nzima wameshuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, hoja ya ujangili ilihama kutoka kwenye minong'ono ikaingia kwenye takwimu ambazo hakuna aliyeweza kuzikwepa.

Lakini jicho la mwangalizi linachoka. Kundi la nyati zaidi ya elfu moja, ambalo Katavi si ajabu kuliona wakati wa kiangazi, haliwezi kuhesabiwa na mtu kwa sekunde chache. Matokeo ya tafiti zilizofanyika Tsavo nchini Kenya na Murchison Falls nchini Uganda, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kuwa kamera zilizofungwa kwenye ndege zilipata wanyama wengi zaidi wa spishi kadhaa kuliko waangalizi wa viti vya nyuma. Kwa hiyo kamera inafaa. Ipi?

Nimefanya hesabu kwa kimo hicho cha futi 350, yaani mita 107, na lenzi ya milimita 35 ikitazama chini moja kwa moja. Kwa kuwa pikseli ni zilezile, kamera zote tatu zinaona ardhi kwa ukali mmoja: nukta moja kwa kila sentimita 1.15. Kinachotofautiana ni upana wa ukanda. Fremu kamili ya megapikseli 61 inafagia mita 109. Kihisi cha 44 kwa 33 kinafagia mita 134. Mgongo wa megapikseli 151 unafagia mita 163. Mistari ya ndege ikiachana kilomita tano, fremu kamili inaona asilimia 2.2 ya ardhi na mgongo mkubwa asilimia 3.3. Sampuli inaongezeka kwa nusu bila kuongeza lita hata moja ya mafuta, na katika sensa mafuta ya ndege na saa za rubani ni mzigo mkubwa. Kwa mtazamo huo mgongo unaonekana kujilipia.

Sasa fikiria fremu kamili mbili, moja imeinamishwa kidogo kushoto na nyingine kulia. Hata ukiacha sehemu zinazopandana, ukanda wao unauzidi ule wa mgongo mmoja. A7R IV ilipotoka iliuzwa dola 3,500 za Marekani. IQ4 ya megapikseli 151 pamoja na kamera yake ilikuwa karibu dola 52,000. Kwa kazi ya kuhesabu tembo, viboko na nyati, sioni hoja ya kumshawishi mhasibu wa taasisi yoyote ya umma. Kamera zilizofanya kazi Tsavo na Murchison zilikuwa za kawaida kabisa, za dukani.

Tena kuna mwizi wa pikseli ambaye wauzaji hawamtaji. Ndege ya kilomita 170 kwa saa inasafiri mita 47 kila sekunde. Ukifungua shata kwa sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, ndege imeshasogea sentimita 2.4, yaani nukta mbili nzima katika mfano wetu. Picha imetikisika kabla hujaiona, na megapikseli 151 zako zimekuwa kama nusu yake. Mwenye bajeti ndogo angefaidika zaidi kwa kupunguza mwendo, au kwa kupandisha ISO ili shata iende kasi zaidi, kuliko kwa kununua kihisi kikubwa.

Hapo tunarudi kwa sokwe wa Issa. Kiota kinahitaji picha kali zaidi, na njia rahisi ya kuipata ni kushuka. Ukishusha droni hadi nusu ya kimo, ukali unaongezeka mara mbili na ukanda unapungua nusu, hivyo unarudia njia mara mbili kwa betri ileile. Kihisi kikubwa kingekurudishia upana uliopotea, lakini droni ndogo ya mabawa haina nguvu ya kubeba mgongo wa Phase One pamoja na lenzi yake. Soko lenyewe limeshatoa hukumu: mwaka 2020 kampuni ya droni ya DJI ilitoa Zenmuse P1, kamera ya droni yenye kihisi cha fremu kamili cha megapikseli 45, uzito usiofika kilo moja, na shata iliyomo ndani ya lenzi. Kwa msitu wa Wilaya ya Tanganyika ningeanzia hapo. Na hata hapo tusijidanganye: kiota kilichofunikwa na tawi hakipigwi picha na kihisi cha bei yoyote.

Upo upande mmoja wa anga ambako mgongo mkubwa bado unatawala kwa haki, nao ni upimaji wa ramani. Anayehesabu nyati anataka kuwaona tu. Anayepima viwanja vya Manispaa ya Mpanda anataka kila nukta ya picha ikae mahali pake kwa sentimita. Kamera mbili zina lenzi mbili, pembe mbili na makosa mawili ya kusahihishwa. Shata ya pazia inayopita mbele ya kihisi, au kihisi kinachosomwa mstari kwa mstari, hupinda picha kidogo ndege ikiwa mwendoni. Mgongo mmoja mpana, wenye lenzi iliyopimwa kiwandani na shata iliyo katikati ya lenzi, unaupa kila mpigo jiometri moja safi, na picha zinakuwa chache za kuunganisha. Kampuni ya upimaji yenye ndege yake na kandarasi za mikoa kadhaa ingelipa dola hizo na kuzirudisha.

Tushuke ardhini. Mwezi Septemba na Oktoba, mto Katuma unapokauka, viboko wa Katavi wanasongamana kwenye madimbwi karibu na Ikuu mpaka hauoni maji, na mamba wanajificha kwenye mapango ya kingo. Hapa kinachotawala ni lenzi ndefu na kasi. Lenzi ndefu kuliko zote katika mfumo wa Fujifilm GFX, ya milimita 500 iliyotoka mwaka 2024, inaona kama milimita 395 za fremu kamili, wakati wenye fremu kamili wana 600 za f/4 tangu zamani. Viboko wawili wakianza kupigana, fremu kamili imeshapiga picha ishirini kabla kamera kubwa haijamaliza kuandika chache za kwanza kwenye memori kadi. Yupo wa kutajwa kinyume cha haya, Nick Brandt, aliyepiga tembo na simba wa Amboseli kwa Pentax 67 ya filamu bila lenzi ya kuvuta, akiwakaribia na kungoja. Picha zake ni ushahidi kuwa fomati ya kati inaweza kuishi porini. Lakini alichowekeza ni muda, wiki na miezi kwa picha moja, na mgeni anayelala usiku mbili hifadhini hana muda huo.

Mjini Mpanda suala linageuka tena. Picha ya A4 iliyochapishwa vizuri inahitaji chini ya megapikseli tisa. Canon 5D ya mwaka 2005 ilikuwa nazo 12.8. Sehemu kubwa ya picha za harusi siku hizi zinaishia WhatsApp, ambako zinabanwa mpaka kihisi chochote kinafanana na kingine. Kwa ukali peke yake, mpiga picha wa harusi hana haja na fomati ya kati.

Ana haja na kitu kingine ambacho kwa miaka mingi kiliishi kwenye kamera hizo: shata ya ndani ya lenzi. Bwana na bibi harusi wametoka kanisani saa saba mchana, jua liko utosini, macho yao yamegeuka mashimo meusi. Flashi inahitajika. Kwa ISO 100 jua hilo linataka f/16 kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, au f/11 kwa sehemu moja ya mia mbili. Kamera nyingi za fremu kamili haziendi na flashi kupita 1/200 au 1/250, hivyo mpigaji amefungwa kwenye f/11 na flashi yake ndogo inakoroma kwa nguvu zote bila kushindana na jua. Lenzi za Phase One zenye shata yao zinakubali flashi hadi 1/1600. Kwa kasi hiyo anafungua f/4, na flashi ileile inahitaji sehemu moja tu ya nane ya nguvu. Ngozi nyeusi inapata mwanga laini, shela nyeupe haiungui, nyuma kunalainika. Hiyo ni faida halisi, inayoonekana hata kwenye simu.

Ila sifa hiyo ni ya shata, wala si ya ukubwa wa kihisi. Fujifilm GFX ni fomati ya kati na flashi yake inakomea 1/125, mbaya kuliko fremu kamili ya kawaida. Na Sony A9 III iliyotangazwa Novemba 2023, fremu kamili ya megapikseli 24.6 inayosoma kihisi chote kwa mara moja, inakubali flashi kwa kasi yoyote hadi 1/80,000. Kwa studio ya Mpanda yenye bodi ya fremu kamili iliyotumika, kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, au mwamvuli na kivuli cha mwembe, vitafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa bei ya chini kabisa.

Kazi za vitu vilivyotulia nilidhani zingekuwa ngome ya mgongo wa kidijitali. Nenda Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879 na wamisionari wa White Fathers wakaipokea mwaka 1885; ndiko alikofanya kazi ya utabibu Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, tangu mwaka 1889 hadi kufa kwake 1956. Kuta za zamani za namna hiyo, na maandishi yoyote ya enzi ile, vinastahili kupigwa picha kwa ukali wa juu kabisa kabla unyevu na mchwa havijamaliza kazi. Maktaba kubwa za dunia hutumia Phase One kwa hili, na zinafanya hivyo kwa sababu zinapiga kurasa maelfu kwa siku na kila sekunde ina gharama. Kwa mtu mwenye jengo moja na rafu moja, utulivu wa kitu chenyewe ni msaada tosha. A7R IV inaweza kusogeza kihisi chake kidogo kidogo na kuunganisha picha 16 kuwa moja ya megapikseli 240. Ukuta unaweza kupigwa vipande sita na kuunganishwa kwenye kompyuta. Kitu kisichosogea kinakupa nafasi ya pili na ya kumi, na nafasi hizo ndizo ambazo kihisi kikubwa kinakuuzia kwa bei ghali.

Limebaki jambo la migongo iliyotumika, kwa kuwa bei zake zimeshuka na wapo vijana wanaotamani. Mgongo wa CCD wa megapikseli 39 wa mwaka 2006 ukitumiwa na taa za studio bado unatoa picha nzuri mno. Lakini unataka betri ambazo ni shida kuzipata, nyaya ambazo kompyuta za leo hazina mahali pa kuzichomeka, na ukizima hakuna fundi wa karibu wa kuufungua. Migongo mipya nayo ina mzigo wake: picha moja ya megapikseli 151 kwa biti 16, kabla ya kubanwa, ni megabaiti 300. Harusi ya picha elfu mbili ni megabaiti laki sita. Katika mji ulioishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, gharama ya kompyuta, diski za akiba na saa za kusubiri faili lifunguke inaweza kuipita ile ya kamera.

Kama ningeulizwa na watu wa uhifadhi wa Katavi fedha ziende wapi, ningegawa hivi: fremu kamili mbili za pikseli ndogo kwa kila ndege ya sensa, droni moja yenye kamera ya uzito wa P1 kwa ajili ya misitu ya sokwe, na kilichobaki chote kiende kwa vijana wa kukaa mbele ya skrini na kuzipitia picha, pamoja na programu ya kuwasaidia. Utafiti wa Tsavo na ule wa Murchison ulizalisha maelfu kwa maelfu ya picha, na kila moja ilipaswa kukaguliwa na jicho la mtu aliyefunzwa kumtofautisha pofu na ng'ombe aliyepotea. Mgongo wa megapikseli 151 ungewaletea kazi hiyo mara mbili na nusu kwa kila picha, na idadi ya macho ingebaki palepale.